Wanakondoo Wanaoyumba Miguu ya Nyuma: Je, Ni Upungufu wa Shaba?

"Daktari, shikamoo. Ninafuga kondoo upande wa Pangani, mkoani Tanga, karibu kabisa na bahari. Nina majike 28, mchanganyiko wa kondoo wekundu wa Kimasai na wale wa kichwa cheusi. Baada ya masika, wanakondoo 6 wa umri wa kati ya wiki 3 na miezi 2 walianza kuyumba miguu ya nyuma. Walikuwa wachangamfu na walinyonya vizuri, lakini ukiwaswaga haraka waliangukia upande wa nyuma na kukaa kitako. Wanne wamekufa. Wengine waliofikisha miezi 4 hawakui, ingawa majani yamejaa, na vichwa vya wale weusi vimeanza kuwa na rangi ya kutu. Ninawapa maganda ya muhogo, chumvi kutoka mashamba ya chumvi yaliyo jirani, na mara nyingine chakula cha kuku wa mayai. Jirani yangu anasema ni upungufu wa shaba, niwawekee mrututu kwenye maji. Mwenye duka la dawa za mifugo ameniuzia unga wa madini ya ng'ombe. Wengine wanasema mfugaji wa pwani hawezi kukosa madini kwa sababu anayo bahari. Nimsikilize nani? Majike kadhaa wana mimba tena."

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa hasara uliyoipata. Kabla sijaeleza lolote, naomba ufanye jambo moja leo hii: mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, usiuweke kwenye maji, na ule unga wa madini ya ng'ombe pamoja na chakula cha kuku uviweke mahali ambapo kondoo hawawezi kuvifikia. Jirani yako huenda ameutambua ugonjwa kwa usahihi, lakini tiba aliyokushauri inaweza kuua kondoo wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu ninajua kwamba katazo lisilo na maelezo halidumu, hasa pale mfugaji anapoona mwanakondoo mwingine akianguka.

Barua yako ina matatizo mawili, nawe umeyaeleza kama moja. La kwanza ni la wanakondoo wadogo wanaoyumba. La pili ni la wale wa miezi 4 wasiokua wakati malisho yapo. Inawezekana yanatoka katika chanzo kimoja, na inawezekana pia kwamba hayahusiani kabisa. Kwa hiyo nitayatenganisha.

Nianze na wanaoyumba. Maelezo yako yanafanana sana na ugonjwa wa upungufu wa shaba unaowapata wanakondoo waliokosa madini hayo tangu tumboni. Shaba ni sehemu ya vimeng'enya kadhaa mwilini, na mojawapo ya kazi zake ni kuwezesha kujengwa kwa utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za fahamu. Katika mwanakondoo, sehemu kubwa ya utando huo hujengwa katika theluthi ya mwisho ya mimba na katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Jike lisilokuwa na akiba ya kutosha ya shaba kwenye ini hushindwa kumpa mtoto wake kiasi anachohitaji, na maziwa nayo kwa asili yana shaba kidogo mno. Matokeo yake ni kwamba nyuzi ndefu zinazopita ndani ya uti wa mgongo hadi miguu ya nyuma hukosa utando kamili, na taarifa kutoka kwenye ubongo haziifikii misuli kwa mpangilio. Wengine huzaliwa wakiwa hawawezi kusimama. Wengine, kama wako, huzaliwa wakionekana wazima, na ugonjwa hujitokeza baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Mwaka 1937, H. W. Bennetts huko Australia Magharibi alionyesha kwamba wanakondoo walioyumba kwa namna hiyo walitoka kwa majike yaliyopungukiwa shaba, na kwamba kuwapa majike shaba wakati wa mimba kulizuia ugonjwa.

Dalili ya kukaa kitako huku mnyama akiwa mchangamfu na mwenye hamu ya kunyonya ina uzito mkubwa katika maelezo yako. Hata hivyo, ninamwomba kila mfugaji amshike mwanakondoo na kumpapasa kabla ya kulipa ugonjwa jina. Mweke katikati ya magoti yako, pitisha vidole kwenye kila kiungo cha mguu kuanzia juu hadi kwato, kisha ukishike kitovu. Kiungo chenye joto na uvimbe, au kitovu kinene chenye maumivu, ni dalili ya usaha ulioingia kupitia kitovu wakati wa kuzaliwa. Huyo anahitaji antibiotiki mapema wala hana upungufu wa shaba. Usaha wa aina hiyo ukijikusanya karibu na uti wa mgongo unaweza pia kumfanya alegee nyuma. Kisha bonyeza misuli ya mapaja: ikiwa ni migumu, na mwanakondoo anatembea kwa kukakamaa badala ya kuyumba, fikiria upungufu wa seleniamu au vitamini E. Pima na joto la mwili, ambalo kwa kawaida halizidi nyuzi 40. Mwanakondoo mwenye homa kali, anayetetemeka na kunyanyua miguu juu kupita kiasi, anaweza kuwa na homa zinazoletwa na kupe, mojawapo ikiwa ile inayojaza maji kwenye mfuko wa moyo. Hizo zipo katika ukanda wetu na huua haraka.

Sasa kuhusu bahari. Imani kwamba chumvi ya bahari ina madini yote ni ya zamani, na watu wanaiamini kwa nia njema kabisa, lakini hesabu yake haikubali. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ambayo sehemu yake kubwa ni chumvi ile ile tunayotia kwenye mboga. Iodini, yaani madini joto, iliyomo katika lita hiyo ni takriban miligramu 0.05 tu, na nyingi hupotea chumvi inapokaushwa juani. Shaba, kobalti na seleniamu ni kidogo zaidi hata ya hapo. Chumvi unayonunua kwa wenye mashamba ya chumvi inampa kondoo sodiamu anayoihitaji, na kwa hilo ni nzuri, endelea nayo. Haimpi shaba, haimpi kobalti, na hata madini joto haimpi ya kutosha mpaka yaongezwe kiwandani. Magadi wanayopewa mifugo sehemu nyingine za nchi nayo, kwa sehemu kubwa, ni sodiamu.

Ukweli ni kwamba baadhi ya maeneo ya pwani duniani yana historia ya kukosa madini haya kuliko bara. Miaka ya 1930, kando ya pwani ya Australia Kusini, kulikuwa na mashamba ambamo kondoo walikonda na kufa juu ya mchanga uliojaa chokaa ya makombe ya baharini, mpaka wataalamu walipogundua kwamba walikosa kobalti na shaba kwa pamoja. Sisemi kwamba ardhi yako ni hiyo. Ninasema kwamba kama unachungia juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, una sababu ya kupima badala ya kujiliwaza kwa bahari. Ardhi yenye chokaa nyingi huifanya mimea ifyonze kobalti kidogo, na wakati huo huo huifanya ifyonze molibdenamu kwa wingi zaidi.

Hiyo molibdenamu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa udongo unaweza kuwa na shaba na kondoo bado akaikosa. Ndani ya tumbo la kwanza la kondoo, bakteria huunganisha molibdenamu na salfa iliyomo kwenye chakula na maji, na kile kinachotokea huishika shaba kwa nguvu kiasi kwamba hupita na kutoka kwenye kinyesi bila kufyonzwa. Chuma nacho huzuia shaba. Wakati wa masika kondoo wanapong'ata majani mafupi yaliyorushiwa tope, hula udongo pamoja nayo, na udongo mwekundu una chuma kingi. Maji ya kisima yanayoacha kutu kwenye ndoo huongeza chuma hicho. Ndiyo maana swali la kuuliza ni shaba gani inayomfikia kondoo, na kipimo cha udongo peke yake hakiwezi kulijibu.

Nimekuahidi kueleza kwa nini basi tusimwage shaba tu. Katika mifugo yetu yote, kondoo ndiye asiyestahimili shaba inapozidi. Ng'ombe, na zaidi yake nguruwe na kuku, huweza kuitoa shaba ya ziada mwilini kupitia nyongo. Kondoo huitoa kwa shida sana na kuihifadhi kwenye ini. Chakula chake kizima, kikiwa kimekaushwa, kinahitaji miligramu 5 hadi 10 hivi za shaba kwa kilo, na kikizidi miligramu 15 kwa muda mrefu, hasa pale ambapo molibdenamu ni kidogo, hatari huanza. Angalia jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu. Mrututu ni chumvi kali ya shaba inayoyeyuka kwa urahisi, na ukiutia kwenye maji huwezi kujua nani amekunywa kiasi gani: jike kubwa lenye kiu litakunywa mara kadhaa zaidi ya kondoo mnyonge. Mwanakondoo anayenyonya ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu utumbo wake hufyonza zaidi ya nusu ya shaba anayopewa, wakati kondoo mzima kwa kawaida hufyonza chini ya asilimia 10.

Sumu hii ina ubaya mwingine, nao ni ukimya. Shaba hujikusanya kwenye ini kwa wiki na miezi, na kondoo huendelea kula, kunenepa na kupendeza. Kisha siku moja linatokea jambo la kumchosha, kama vile kusafirishwa kwenye gari, kukosa chakula, au kuzaa, na ini huiachia shaba yote kwenye damu kwa mkupuo. Chembe nyekundu za damu hupasuka. Utaona kondoo amesimama peke yake kichwa kikiwa chini, weupe wa macho na ufizi vimekuwa vya manjano, na mkojo umekuwa mwekundu uliokoza kama chai ya rangi iliyochemshwa sana. Wengi hufa ndani ya siku moja au mbili. Ukipasua mzoga, nyama yote ina umanjano na figo zimekuwa nyeusi. Mfugaji husema wamerogwa au wamelishwa sumu usiku, wakati sumu yenyewe ilikuwa ikiingia kidogo kidogo tangu miezi iliyopita.

Unga wa madini ya ng'ombe umetengenezwa kwa kiwango cha shaba anachohitaji ng'ombe. Mwenye duka hakukusudia mabaya. Kwenye mfuko huo pengine imeandikwa kwamba ni wa ng'ombe wa maziwa, naye anaona mfugo ni mfugo. Chakula cha kuku kimewekewa madini kwa ajili ya kuku, na kile cha kuku wa mayai kina pia kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya ganda la yai, kiasi ambacho kwa kondoo huzuia zinki isifyonzwe. Wanga wake mwingi unaweza kumchachulia kondoo tumbo akila kwa pupa. Ninaligusa hili kwa uchungu kwa sababu hapa kwetu wako wengi wanaonenepesha madume kwa ajili ya Idi kwa chakula cha kuku, au kwa mbolea ya kuku iliyochanganywa na pumba, na baadhi ya madume hayo hufa yakiwa yamekwisha kununuliwa. Pumba, mashudu ya nazi au ya alizeti kwa kiasi, na majani mazuri vinatosha kumnenepesha kondoo kwa hatari ndogo zaidi.

Nije kwa wale wa miezi 4 wasiokua. Hapa nitatofautiana na wote waliokushauri, kwani hakuna aliyetaja minyoo. Baada ya masika, katika joto na unyevu wa pwani, kondoo mchanga asiyekua ana minyoo mpaka ithibitike kwamba hana. Minyoo mikubwa ya tumbo la nne, ile yenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotana, hunyonya damu: minyoo 1,000 inaweza kumtoa mwanakondoo hadi mililita 50 kwa siku, na mwanakondoo wa kilo 15 ana damu ya takriban lita moja tu mwilini. Damu hiyo huondoka na chuma chake na protini zake. Zaidi ya hayo, minyoo hiyo huiharibu tindikali ya tumbo la nne na kupunguza ufyonzaji wa shaba, kwa hiyo kondoo anaweza kuonekana ana upungufu wa madini wakati mzizi wa tatizo ni minyoo.

Kipimo cha kwanza ni bure. Simama na mwanakondoo kwenye mwanga wa jua, bonyeza taratibu kope la juu kwa kidole gumba, kisha lishushe la chini na utazame utando wa ndani kabla haujabadilika rangi. Wekundu ni afya. Waridi hafifu ni onyo. Weupe ni hatari. Kuna kadi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, inayoonyesha rangi hizo kwa daraja 5, na afisa mifugo anaweza kukuelekeza namna ya kuitumia. Angalia pia kama kuna uvimbe laini chini ya taya unaoonekana zaidi jioni. Wenye utando mweupe wapewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wao halisi, na sampuli za kinyesi zipimwe mayai kabla ya dawa na tena baada ya siku 10 hadi 14, ili ujue kama dawa unayotumia bado inafanya kazi. Kwa kuwa upo Tanga, mwombe mpimaji aangalie na vimelea vya nagana kwenye damu. Mbung'o bado wapo katika baadhi ya vichaka vyetu, na ugonjwa huo nao hukondesha na kupunguza damu. Kuhusu kondoo wako wekundu wa Kimasai, usiwabadilishe kwa haraka na mbegu kubwa za kigeni: watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliowalinganisha na kondoo wa mbegu ya kigeni ya Dorper huko Diani, pwani ya Kenya, walikuta kwamba wekundu walistahimili minyoo vizuri zaidi na walikuwa na tija kubwa zaidi katika mazingira hayo yenye unyevu.

Ikiwa utando wa macho ni mwekundu, minyoo imedhibitiwa, na bado hawakui, ndipo ninapofikiria kobalti. Kondoo mwenyewe hana matumizi makubwa ya kobalti. Wanaoihitaji ni bakteria wa tumbo lake la kwanza, ambao huitumia kutengeneza vitamini B12. Bila vitamini hiyo, ini haliwezi kugeuza vizuri moja ya tindikali zinazotokana na chakula kuchachuka katika tumbo hilo kuwa nishati, na mnyama hupoteza hamu ya kula. Majani hayahitaji kobalti hiyo ili yawe ya kijani, na ndiyo maana kondoo hukonda katikati ya malisho yanayomfikia magotini. Karibu na Nakuru nchini Kenya ng'ombe walikonda hivyo kwa muda mrefu kabla haijajulikana kwamba kilichokosekana ni kobalti. Dalili zake kwa wanakondoo ni machozi yanayolowesha manyoya chini ya macho, masikio yenye magamba, na mwili kudhoofu polepole. Waliokwisha kuachishwa kunyonya huathirika kabla ya wazima.

Kobalti inatofautiana na shaba kwa jambo linalonifurahisha: unaweza kuipima kwa majaribio bila kuhatarisha maisha ya mnyama. Baada ya kuwapa wote dawa ya minyoo, chagua wanakondoo 10 wanaolingana, wapime kwa mizani ya kuning'iniza, watie alama, kisha mwombe mtaalamu awachome 5 sindano ya vitamini B12 na kuwaacha 5. Wachunge pamoja. Wapime tena baada ya wiki 4 hadi 6. Waliochomwa wakiwaacha wenzao mbali kwa uzito, umepata jibu kwa gharama ndogo kuliko ya maabara. Wakilingana, umeokoa fedha ambazo ungezitumia kwa dawa usiyoihitaji.

Madini mengine nitayapitia kwa ufupi. Maganda na majani ya muhogo, hasa ya muhogo mchungu na yakiwa mabichi, yana sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi ya shingo isipate madini joto. Usiyaache, ila yakaushe vizuri juani, yasiwe ndiyo chakula kikuu cha majike wenye mimba, na uchanganye chumvi yenye madini joto na hiyo ya shambani. Wakizaliwa wanakondoo wafu, wasio na manyoya ya kutosha au wenye uvimbe kooni, nijulishe au mweleze afisa mifugo. Lusina nayo, ule mti wa malisho, ikilishwa kwa wingi, inaweza kunyonyoa manyoya na kuvuruga tezi hiyo hiyo. Upungufu wa zinki huonekana kwenye ngozi iliyokakamaa na yenye magamba, na kwa madume kwenye korodani zisizokua. Seleniamu usiichome kwa kukisia, kwa sababu dozi ya kutibu na dozi ya kuua zimekaribiana.

Kwenye swali la shaba, rangi ya kutu kwenye vichwa vyeusi ni ushahidi unaoniongezea shaka, kwa sababu rangi nyeusi hutengenezwa kwa kimeng'enya kinachohitaji shaba. Lakini jua kali na njaa navyo hufifisha rangi, na kwa rangi peke yake nisingethubutu kumpa kondoo yeyote shaba. Jibu linalotegemeka limo kwenye ini. Damu hushuka shaba pale tu ini linapokuwa limekwisha kuishiwa, na inaweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa mnyama ambaye ini lake limejaa sumu. Kwa hiyo mwanakondoo mwingine akifa, au ukiamua kumchinja mmoja wa wale wawili waliobaki, mwite daktari wa mifugo mzoga ukiwa bado mbichi. Achukue kipande cha ini na kukiweka kwenye mfuko safi wa plastiki juu ya barafu kwa ajili ya kupima madini, na sehemu ya ubongo na ya uti wa fahamu iwekwe kwenye formalini kwa ajili ya hadubini. Achukue pia damu ya majike 6 hadi 10, na umweleze wazi kwamba walikuwa wakila chakula cha kuku.

Kwa mkazi wa Tanga hali si ngumu sana. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo jijini Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro kina wataalamu wa uchunguzi wa mizoga. Piga simu kwanza kuuliza ni vipimo gani vya madini vinavyofanyika na wapi, kwa sababu si kila kituo hupima shaba kwenye ini, na sampuli inayozunguka kwenye basi siku mbili haina faida. Kwa udongo na majani, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, ndicho kinachoshughulika na udongo. Waulize kuhusu uchachu wa udongo, shaba, chuma na, ikiwezekana, molibdenamu.

Ini likionyesha upungufu, wanaostahili shaba kwanza ni majike wenye mimba. Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 150, na kinga hufaa zaidi ikitolewa katikati yake, kabla ya ile theluthi ya mwisho niliyoitaja. Kuna njia mbili zinazokubalika: sindano ya shaba inayotolewa na daktari kwa uzito wa kila jike, au vidonge vyenye chembe ndogo za oksidi ya shaba ambazo hukaa tumboni na kuachia shaba polepole. Sindano ni ya uhakika zaidi wa dozi, lakini huvimbisha mahali ilipochomwa na hufyonzwa haraka, hivyo kosa dogo la kipimo lina madhara makubwa. Vidonge ni vya polepole na salama zaidi, ila havipatikani kila duka. Usitumie njia zote mbili kwa pamoja, wala usirudie kabla daktari hajasema. Ikiwa majibu yatachelewa na majike wako karibu kufika katikati ya mimba, mweleze daktari wa wilaya tarehe za kupandwa kadiri unavyozikumbuka. Yeye, akiwaona wanyama na kusikia historia yao, anaweza kuamua kwa haki jambo ambalo mimi nikiwa mbali siwezi kuliamua. Wakati unasubiri, wape chumvi ya kawaida na jiwe la kulamba lililoandikwa wazi kwamba ni la kondoo na halikuongezwa shaba.

Wanakondoo wawili waliobaki nitakwambia ukweli wao. Utando wa fahamu uliokwisha kuharibika haurudi. Shaba inaweza kuzuia hali isizidi kwa yule anayeyumba kidogo, naye anaweza kukua hadi kuchinjwa ikiwa anasimama mwenyewe, ananyonya, na hachungwi mbali na wenzake wenye kasi. Yule asiyeweza kuinuka atapata vidonda, atashindwa kumfikia mama yake, na kumwacha hivyo ni kumtesa. Mchinje mapema, daktari akiwepo ili achukue ini; hilo litawasaidia majike 28 kuliko dawa yoyote utakayompa yeye.

Katika miezi michache ijayo, hata baada ya kuacha chakula cha kuku, kagua macho na ufizi wa kila kondoo walau mara moja kwa wiki, na usiwasafirishe wala kuwashindisha njaa bila lazima. Ukiona umanjano, mkojo mwekundu, au kondoo mnene aliyejitenga ghafla, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo bila kungoja asubuhi, na umtajie chakula walichokuwa wakila na kwa muda gani. Zipo dawa za kuifunga shaba na kuitoa mwilini. Kwa yule aliyekwisha kukojoa damu mara nyingi huwa zimechelewa, lakini wenzake waliokula pamoja naye na ambao bado wanaonekana wazima wanaweza kuokolewa.